Wazamiaji Ndani ya Injini

Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi magari na wenye magari, Dar es Salaam

Walimu wenzangu, vijana wangu wa ovaroli, na nyinyi wenye magari mliokaa nyuma huku mikono ikichezea funguo mfukoni: karibuni. Nimeombwa nizungumzie msimbo mmoja tu wa hitilafu, na nimepewa saa moja. Kwa jinsi msimbo huu ulivyowala watu fedha, saa moja ni kidogo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Alikuja na gari lake la kifahari, silinda sita, viti vya ngozi, na ile taa ya njano ya injini iliyokuwa imewaka wiki nzima. Nikachomeka mashine, ikasoma P0171 na P0174. Nikageuka kwa uso wa daktari bingwa nikamwambia, "Mama, gari ina kodi mbili." Akashtuka. "Kodi gani tena, fundi? Mbona zote nimelipa!"

Nilipomaliza kucheka nilimweleza kwamba sensa ya hewa imekufa. Sikuwa nimeipima. Nilijua tu kwamba fundi mwenzangu alikutana na namba hizohizo, akabadilisha sensa, gari likapona. Mama akalipa, na bei ya kile kidude ilizidi mapato yangu ya mwezi mzima. Nikafunga kipya, nikafuta zile namba, taa ikazimika, akaondoka akiniombea dua. Siku ya nne simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, zile kodi zako zimerudi."

Sisi watu wa gereji tumehamishia serikali nzima ndani ya injini: tuna kodi na tuna sensa. Kodi leo nitaiita msimbo, ili waliokaa nyuma wasidhani nimetumwa na Mamlaka ya Mapato. Sensa nitaiacha ilivyo, kwa sababu safari hii neno la gereji na neno la kamusi yamekutana. Kazi ya sensa ya hewa ni kuhesabu, na msimbo huu wote ni habari ya hesabu iliyokataa kutoka.

Tuusome kwanza. P ni ya injini na gia. Sifuri inayofuata maana yake ni kwamba msimbo huu ni wa wote, haukubuniwa na kampuni moja. Marekani ililazimisha utaratibu huu kwa magari madogo yote kuanzia modeli za 1996, na ndiyo maana mashine moja leo inasoma gari la Japani, la Ujerumani na la Uingereza. Moja inayofuata ni ya kundi la upimaji wa mafuta na hewa. Sikilizeni hapo: mafuta na hewa. Kisha 71 ni upande wa kwanza wa injini, 74 ni upande wa pili, na tafsiri yake ni kwamba mchanganyiko umekuwa mwepesi mno. Nasema mwepesi kama uji ulio mwepesi: maji mengi, unga kidogo. Hewa nyingi, mafuta kidogo. Mteja akisikia hivyo anashika neno mafuta, na fundi naye analishika hilohilo, wote wawili wanakimbilia pampu. Hewa haina mtetezi.

Petroli ili iungue yote na hewa iishe yote, kilo 1 inataka kilo 14.7 za hewa. Ukipima kwa ujazo, lita 1 ya petroli inameza takriban lita 9,000 za hewa. Injini basi ni mashine ya kuvuta hewa inayotiwa petroli kiduchu, na hesabu ikiharibika, mahali pa kwanza pa kushuku ni kwenye kile kinachoingia kwa wingi.

Nani anayelalamika kwamba mchanganyiko ni mwepesi? Ni sensa ya oksijeni iliyopachikwa kwenye ekzosi kabla ya masega yanayosafisha moshi. Bosch walianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1976, ikafungwa kwanza kwenye magari ya Volvo yaliyokwenda Marekani. Kile kidude hakijui petroli hata kidogo. Kinanusa oksijeni, basi. Oksijeni ikibaki nyingi kwenye moshi, sensa ya aina ya kawaida inashuka karibu na volti 0.1, ikikosekana, inapanda karibu na 0.9. Kwa hiyo kompyuta inapoandika kwamba mafuta hayatoshi, hayo ni maoni yake. Ushahidi aliotoa shahidi ni mmoja tu: hapa nilipo kuna oksijeni iliyobaki. Imetoka wapi, hakuulizwa.

Sasa naomba tuhame gereji kidogo twende harusini.

Kamati imechangisha, kadi zimetoka, za mtu mmoja na za watu wawili. Mlangoni amesimama kijana anapokea kadi na kuhesabu vichwa, na kila akipitisha watu anatuma ujumbe jikoni: pakua sahani kadhaa. Mpishi haoni ukumbi, anapakua pilau kwa hesabu ya mlangoni. Upande wa pili wa ukumbi yuko dada anayekusanya sahani. Akiona watu wamekaa mikono mitupu, anakwenda kumnong'oneza mpishi: ongeza. Kijana wa mlangoni ni sensa ya hewa. Mpishi ni kompyuta, na upawa wake ni nozeli. Dada wa sahani ndiye sensa ya oksijeni. Na wale walioruka ukuta wa nyuma, wakaingia bila kadi wakakaa na kusubiri pilau? Hao mnawajua. Wazamiaji.

Hewa inayopita penye ufa baada ya sensa ni mzamiaji. Haikuhesabiwa, lakini ikifika ndani ya silinda inadai chakula kama wengine. Dada ananong'ona, mpishi anaongeza. Kiasi anachoongeza kinaandikwa, na mashine yenu ya kupimia inawaonyesha kwa asilimia: kuna nyongeza ya papo hapo inayopanda na kushuka kila dakika, na kuna nyongeza ya muda mrefu ambayo kompyuta imeikubali kama desturi ya gari hilo. Gari zima linacheza karibu na sifuri, likipanda au kushuka asilimia 5 au hata 10 halina neno. Nyongeza ikifika ishirini na kitu, kila mtengenezaji na mpaka wake, mpishi anatupa upawa: nimeongeza vya kutosha, siwezi tena. Hapo ndipo taa inawaka. Kabla ya hapo dereva huenda asihisi lolote, kwa sababu mpishi amekuwa akimfichia siri kwa miezi.

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe, na nitakaa hapa kidogo. Wazamiaji 3 kwenye hitma ya watu 15 wanaonekana na kila mtu, chakula kinapelea. Wazamiaji haohao 3 kwenye harusi ya watu 300 hakuna atakayewajua. Injini ya lita 3 ikiwa sailensi, inanguruma tu gari limesimama, inavuta kilo 15 hivi za hewa kwa saa. Kukiwa na ufa unaoingiza kilo 3, mpishi anatakiwa kuongeza asilimia 20. Kanyaga mafuta hadi inavuta kilo 100 kwa saa: ufa ni uleule, lakini kilo 3 juu ya 100 ni asilimia 3. Kwa hiyo unawasha injini, unaiacha ipate moto, unasoma nyongeza ikiwa sailensi, kisha unaishikilia kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika na kusoma tena. Ikianza juu ikashuka, tafuta ufa. Huhitaji kununua kitu.

Ikiwa kinyume chake, nyongeza iko sawa sailensi lakini inapanda kadiri unavyokanyaga, basi mlangoni hakuna tatizo, ila jiko halimudu harusi kubwa. Hiyo ni pampu iliyochoka, filta iliyoziba, au mgandamizo wa mafuta ulioshuka. Na kama nyongeza iko juu kwa kiwango kinachofanana kila mahali, mshuku kijana wa mlangoni: kila watu kumi yeye anaandika wanane. Sensa imechafuka. Ndani yake kuna kipande chembamba mno kinachopashwa moto, hewa inakipoza, na umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake ndio kipimo cha uzito wa hewa iliyopita. Vumbi kidogo, au mafuta ya zile filta za pamba zinazopakwa oili ambazo vijana wanazipenda kwa sababu ya mngurumo, vinaifanya ipunje hesabu.

Na kwa kuwa inapima uzito, msikubali maneno ya "hewa ya milimani". Gari likitoka hapa Dar likapanda Mbeya au likaenda Nairobi, hewa inakuwa nyepesi, sensa inahesabu hewa nyepesi, mpishi anapakua pungufu, nguvu zinapungua. Taa haina sababu ya kuwaka.

Iko pia hali ya shahidi kudanganywa, na hii inaniuma kwa sababu inawatia hasara watu waangalifu. Ekzosi ikiwa na ufa kabla ya sensa, moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa ndani. Dada wa sahani amesimama karibu na geti la barabarani, anawaona wapita njia hawana sahani, anakimbilia jikoni. Ni hivyohivyo silinda ikimisi: petroli haikuungua, lakini oksijeni nayo haikuungua, na sensa inanusa oksijeni peke yake. Gari linamwaga petroli mbichi kwenye ekzosi huku likilalamika kwamba halina petroli. Ukiona msimbo wa kumisi umeambatana na huu, anza na plagi na koili.

Sasa gari lenyewe. Kielelezo changu ni injini ya BMW iitwayo M54, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2006. Wengi wenu mnaijua kupitia X5 ya kizazi cha kwanza, iliyoundwa Spartanburg, South Carolina, yenye cc 2,979 na nguvu za farasi 231. Nimeichagua kwa sababu ina pande mbili zinazosomeka vizuri: silinda 1 hadi 3 zina sensa yao ya oksijeni, 4 hadi 6 zina yao. Ukipata 71 peke yake, kaa upande wa mbele: nozeli za pale, gasketi ya pale, ekzosi ya pale. Ukipata zote mbili, kama nilivyopata kwa yule mama, tafuta penye njia moja kabla hewa haijagawanyika. Swali hili, upande mmoja au pande zote mbili, ni la bure, na mimi sikuliuliza.

Kwenye M54, kati ya sensa ya hewa na kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta kuna hosi nene ya mpira yenye mikunjo kama kodiani. Imewekewa mikunjo kwa sababu injini inatikisika na boksi la filta halitikisiki. Mpira wa miaka 20, wa gari lolote lile, ukipikwa kila siku chini ya boneti unakakamaa, na mahali pa kwanza kupasuka ni kwenye bonde la mkunjo, upande wa chini, usikoonekana. Ukiutazama ukiwa umetulia, midomo ya ufa imefumbana. Utaapa ni mzima. Injini ikijipinda gari linapoondoka, unafunguka. Itoe hosi. Ikunje kwa mikono miwili kama unakamua nguo, pitisha ukucha kwenye kila bonde. Ukucha utanasa kabla jicho halijaona.

Mahali pa pili ni pagumu zaidi na ndipo mafundi tunapokimbia. Gesi kidogo hupenya kandokando ya pistoni ikashuka kwenye oili, na haiachwi itoke nje: inarudishwa kwenye njia ya hewa kupitia kitenganishi kilichojificha chini ya manifoldi, chenye utando mwembamba wa mpira unaopunguza mvuto. Nchi za baridi kitenganishi hiki huganda kwa maji na oili. Huku kwetu adui ni joto. Plastiki ya vibomba vyake inakauka hadi inavunjika kama biskuti ukiigusa tu. Utando ukitoboka, injini inavuta hewa na oili bila kipimo. Chukua bomba jembamba linaloangaza, litie maji, lipinde kama herufi U, liunganishe kwenye kifuniko cha oili kilichotobolewa: injini nzima ikiwa sailensi inavuta maji tofauti ya sentimita 10 hadi 15. Ikiyanywa yote, umepata jibu. Wazee wa gereji walikuwa wanaweka mfuko wa nailoni juu ya tundu la oili na kuangalia unavyonyonywa, lakini mifuko yenyewe ilipigwa marufuku Juni 2019, nanyi mnatafuta kesi. Kwa kuwa njia hizi zote zimeungana, hata ringi ya mpira ya kijiti cha kupimia oili ikilegea, wazamiaji wanapita mlango wa jikoni. Ziko pia ringi ya kilango cha pembeni mwa manifoldi, vikofia vya mpira vya nyuma yake, na hosi ya buster ya breki. Hivyo vyote unavigusa kwa mkono mmoja.

Usipoona kitu, tumia moshi. Mashine inapasha oili nyepesi, moshi unasukumwa kwenye njia ya hewa injini ikiwa imezimwa, na unapotoka ndipo penye ufa. Msukumo uwe wa pumzi ya mtu, msichomeke kompresa ya matairi. Mtatoboa utando mzima mkadai mmegundua ugonjwa. Na ile tabia ya kunyunyizia petroli kwa chupa ya soda juu ya injini ya moto, kisha kusikiliza kama mngurumo unabadilika, iacheni. Ni kweli mngurumo hubadilika. Ni kweli pia magari huungua.

Kuhusu mgandamizo wa mafuta, M54 inataka bar 3.5, na kuna valvu ndogo kwenye reli ya nozeli, kama ya tairi, ya kuchomeka geji. Kidhibiti chake kimo ndani ya filta ya mafuta chini ya sakafu, kwa hiyo aliyeweka filta isiyo yake amebadilisha vitu viwili bila kujua.

Najua swali linalosubiri kuulizwa: vipi mafuta yaliyochakachuliwa? Yapo, sikatai. Lakini uchakachuaji umekuwa kichaka cha kujifichia. Aliyejaza tangi jioni na gari likaanza kumisi asubuhi ana haki ya kushuku kituo. Ambaye nyongeza yake imekuwa ikipanda polepole kwa miezi mitatu, akijaza vituo tofauti, ana ufa.

Niseme pia kuhusu kufuta msimbo, kwa ajili ya wanaokwenda kununua magari yaliyotumika. Msimbo huu kwa kawaida hauwashi taa mara ya kwanza. Kompyuta huuweka pembeni, na ukijirudia katika safari nyingine ndipo inawasha. Ukifutwa, na nyongeza zote zikarudishwa sifuri, gari litatembea siku kadhaa bila taa. Muuzaji anahitaji nusu saa tu. Lakini kufuta kunafuta pia kumbukumbu ya vipimo ambavyo gari limejifanyia lenyewe. Mwambie fundi wako aangalie kama vipimo hivyo vimekamilika. Vikiwa vyote havijakamilika kwenye gari linalodaiwa kuendeshwa kila siku, kuna mtu alichomeka mashine kabla yenu. Na fundi, kabla hujafuta, soma picha ya tukio: kompyuta imehifadhi mizunguko, mzigo, joto la maji na mwendo wa dakika ile msimbo ulipoingia. Injini ya moto, mizunguko 700, mwendo sifuri: umeshaambiwa ni hitma, si harusi.

Picha hiyo niliifuta kwa yule mama bila kuisoma. Aliporudi niliwasha injini mbele yake, nikaangalia nyongeza: asilimia 24 sailensi, 5 kwenye mizunguko 3,000. Nikatoa hosi. Ufa ulikuwa upande wa chini, bonde la pili kutoka kwenye kilango, unene wa uzi wa kushonea. Hosi mpya niliipata Gerezani mchana uleule, kwa bei ambayo naona haya kuilinganisha na ya sensa. Nilimwambia ukweli, kwamba sensa yake ya zamani ilikuwa nzima na fedha zake nilizitupa mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza iko wapi. Nikampa. Akaigeuzageuza kama anayekagua kitambaa, akanirudishia: "Kaa nayo, fundi. Ukikosa vitenge vya Idi vya mkeo, uza hiyo."

Hii hapa mezani. Inafanya kazi mpaka leo.

Maswali tutayajibia nje, chini ya mwembe, maana kuna gari tumeazimwa na injini yake imeshapoa vya kutosha kushikika. Taa imewaka, misimbo ni yote miwili, na sijaifuta. Mashine ya moshi ya chuo haina umeme leo. Nani kati yenu hajakata kucha?